Neno Lililoanza na Ba

Morag, muuguzi wa watoto, kavua viatu mlangoni
bila kuambiwa. Soksi yake ina tobo,
na Tunu ameliona kabla ya kitu kingine chochote:
kidole cha mkono, polepole, mpaka kidole cha mguu.
Hiyo, nasema, ni salamu.

Morag anacheka. Anafungua fomu.
Miezi kumi na minane. Maneno mangapi?
Nje mvua ya Glasgow inaandika vioo
kwa hati mbovu ya daktari.
Maneno mangapi.
Nahesabu kama mwenye deni dukani:
ba.
Naongeza: na ba.

Maana ba ya asubuhi ni baba yake, Athmani,
anayerudi kutoka zamu ya usiku
na kiwanda kizima cha mikate nguoni.
Ba ya mchana ni bata wa mfereji wa Maryhill,
wanaomjua, wanaomdai.
Na ba ya usiku, ile inayoshuka mwishoni, baa,
maana yake taa imezimwa, mimi sijalala,
nani kaniacha?
Silabi moja, mavazi matatu.
Fomu haina mahali pa mavazi.

Haina mahali pa kichwa kinachotikiswa,
alichoanza nacho kwa uji
kisha kwa kila kitu, hata anachokitaka,
kwa utamu tu wa kukataa.
Wala pa mikono miwili iliyoinuliwa:
sentensi nzima hiyo, ina kiima na kiarifu,
na ukichelewa kuijibu, alama ya mshangao.
Wala pa ule msonyo.
Ule msonyo, Morag, sijui nikueleze vipi.
Bibi yake alimsonya paka, simuni, mwezi wa tatu,
fyuu refu la Kiunga
lililofika huku zima
ilhali picha ilikatika mara nne.
Kesho yake Tunu akalisonya friji.

Nyumbani mnamsemesha lugha gani?
Sauti yake njema. Kalamu yake haina nia mbaya.
Kiswahili, nasema. Kitikuu nikikasirika.
Kiingereza ni cha televisheni.
Na Bi Agnieszka wa ghorofa ya chini
humpa biskuti kwa Kipolandi.
Labda, anasema, zimemzidi.

Labda.
Labda hiyo nimeshaililia, usiku, nikipiga pasi.
Nikajaribu, wiki nzima, kumsemesha Kiingereza changu,
cha kuazima, kinachonibana mabegani.
Akanitazama mdomo
kama mtu amwonaye jirani
kavaa koti la mumewe.

Mama yangu alipopiga simu alikata mzizi wa fitina.
Haba na haba, alisema, hujaza kibaba.
Hebu itamke taratibu:
haba, na haba, kibaba.
Huoni waliotunga walianzia hapo hapo alipo mwanao,
mate kidevuni?

Morag anatafuta mkono wa koti lake.
Tunu yuko dirishani, kasimama dede,
tumbo kaliegemeza ukutani.
Nami bado naeleza, naeleza,
bata, friji, mikono,
wakili asiyelipwa,
mpaka pale konani zinapochomoza taa mbili zilizolowa
na mwanangu anageuka, ananikazia macho, anasema wazi,
kila herufi mahali pake:

Basi.

Morag anashangilia. Kwao nako neno hilo
linakaribiana na hili, linabeba abiria wale wale.
Anaandika: neno moja, gari.
Mimi nimenyamaza.
Sijui kama nimeambiwa limefika
au nimeambiwa yatosha, mama.

Na kwa furaha hiyo akalikosa.
Tulimwona ng'ambo ya barabara akingoja la pili,
mwavuli umepinduka, anatupungia.
Tunu hakupunga.
Aliweka kidole kwenye kioo, chini kabisa,
pale kilipo kiatu,
pale ndani ya kiatu, kwa hesabu yake,
lilipo bado lile tobo.